Parkingi za Beni: usiku kufuli inafungiwa nani?

BENI, Kivu ya Kaskazini — Kila mara usalama unapochafuka, wazo moja linarudi mezani: parkingi za magari zifungwe usiku, na kila mtu asiyehusika atolewe. Wenye magari wanaitika, wachuuzi wanaitika, hata wamama wanaouza chai pembeni ya barabara wanaitika, kila mmoja akidhani kwamba huyo "asiyehusika" ni jirani yake. Siku mbili tatu fimbo inafanya kazi. Kisha giza linarudi, watu wanarudi, na makuta ya usiku yanaendelea kukusanywa kama vile hakuna mtu aliyesema kitu.

Wazo lenyewe si baya, na hakuna mkaaji wa Beni anayeweza kulicheka. Tarehe 27 mwezi wa sita mwaka 2021 bomu lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Emmanuel-Butsili, na siku hiyo hiyo mlipuko mwingine ukatokea karibu na baa. Tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo, watu waliokuwa wanasherehekea Noeli waliuawa kwenye mkahawa, katikati ya mji. Tangu hapo begi lisilo na mwenyewe linatisha. Na parkingi usiku ni mahali pa mabegi: mifuko chini ya magari, vifurushi vilivyoachwa kwa konvwayeri, masanduku yanayosubiri mtu atakayekuja "kesho asubuhi". Anayedai kwamba mahali kama hapo paachwe wazi usiku kucha, bila taa na bila mtu wa kuuliza, hajui mji huu.

Kwa hiyo kufunga, sawa. Lakini kufungia nani? Hapo ndipo maneno yanapoanza kuwa ya uongo.

Tuanze na neno lenyewe: ruhusa. Inasemwa kwamba watu wanatumia parkingi usiku "bila ruhusa". Ruhusa ya nani? Mchana, kwenye parkingi, ruhusa ina wenyewe wengi. Kuna mwenye kiwanja, ikiwa ni cha mtu binafsi. Kuna chama cha madereva. Kuna watoza kodi wa mji, na wa komini, na wengine ambao hata dereva mwenye miaka ishirini barabarani hajui wanatoka ofisi gani. Kila mmoja ana karatasi yake, ana kalamu yake, na anajua mahali pa kusimama ili gari lisimpite. Jua likizama, wote wanarudi nyumbani. Hakuna anayebaki isipokuwa sentineli, mzee mwenye koti kuukuu na tochi ya betri mbili, anayelipwa kidogo au halipwi kabisa. Huyo ndiye anayegeuka meya wa usiku. Yeye ndiye anaruhusu, yeye ndiye anakataza, na kwa sababu ana watoto nyumbani, anaruhusu kwa bei.

Basi ile ruhusa ipo. Inauzwa. Tena wanaoinunua kwa bei nzuri si wale wanaofukuzwa.

Watu wanaokutwa parkingini usiku si wa namna moja, na kuwatia wote kwenye neno moja ni uvivu. Kuna kwanza abiria waliochelewa. Barabara ya taifa nambari 4, inayotoka upande wa Komanda kupitia Eringeti na Oicha mpaka Beni, si barabara ambayo mtu anapanga saa ya kufika. Kwa miaka sasa magari yamezoea kusubiri wasindikizaji wa kijeshi kwenye vipande vyenye hatari. Msafara ukichelewa kuondoka, wote wanachelewa. Lori moja likizama kwenye matope, wote wanalala nyuma yake. Vizuizi navyo vinakula saa, na kila mtu anajua vinakula nini kingine. Gari lililotakiwa kufika saa tisa ya mchana linafika saa mbili ya usiku, na dereva anashusha watu mahali pale pale anaposhusha siku zote, kwenye parkingi.

Kati ya hao abiria, wengine hawakupanga safari hata kidogo. Walikuwa shambani asubuhi. Wamesikia risasi, au wamekuta maiti kwenye njia, wakachukua watoto, godoro na sufuria, wakapanda gari la mwisho. Hii imekuwa ikiendelea tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, wakati mauaji makubwa yalipoanza katika mji wa Beni na vijiji vilivyouzunguka, na haijaisha: hali ya dharura iliyowekwa Kivu ya Kaskazini na Ituri tangu tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 2021 haikuizima, operesheni ya pamoja na jeshi la Uganda iliyoanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja mwaka huo nayo haikuizima. Mtu wa Mbau, wa Mamove au wa Eringeti anapokimbilia Beni, mahali pa kwanza anapokanyaga mjini ni parkingi. Hajapachagua. Ni gari limefikia hapo.

Wakubwa wanauliza: kwa nini asiende kwa ndugu yake? Anaenda, lakini asubuhi. Wengi wa wakimbizi wa ndani hapa Beni hawaishi kwenye kambi, wanaishi kwa familia zinazowapokea, na kila mtu anajua nyumba hizo zinafananaje: vyumba viwili, familia tatu, wanaume wanalala sebuleni kwa zamu. Mgeni aliyekimbia ana jina la kartie tu kichwani, au nambari ya simu ya shemeji ambayo haipatikani. Kutembea usiku kutafuta nyumba usiyoijua, katika mji wenye doria, ukiwa na watoto wanne na bila karte ya uchaguzi kwa sababu imeungua na nyumba, huko ni kujitafutia matatizo mengine juu ya yale uliyokimbia. Mama mwenye akili anakaa chini, anafunika watoto na kitenge, anasubiri kupambazuke. Ndiye huyo wanayemwita mvamizi wa parkingi.

Baada yao kuna vijana wa nyumba zilizojaa, ambao baba mwenye nyumba amewaambia kwa adabu kwamba wasichana walale ndani na wao watafute mahali. Wanalala kwenye sanduku la lori, wanalinda mzigo, wanapewa chakula na konvwayeri. Kuna watoto wa barabarani. Kuna wamama wa soko waliofika na ndizi na mihogo jioni, wanaolala juu ya mzigo wao kwa sababu ukiacha mzigo, asubuhi unakuta magunia matatu kati ya matano.

Halafu kuna wengine. Fundi anayemwaga mafuta machafu ya injini kwenye mtaro kwa sababu usiku hakuna anayemwona. Wauza mafuta ya bido, wenye stoki yao nyuma ya lori, hatua tano kutoka kwa mtu anayewasha jiko. Wanywaji waliotolewa baa saa ya kufunga. Na wapakiaji wa usiku: gari linaingia taa zimezimwa, mizigo inapanda haraka, gari linatoka kabla ya saa kumi ya alfajiri. Hao hawalali parkingini. Wanafanya kazi yao na kuondoka, na ndiyo sababu operesheni za fimbo haziwakuti.

Kila anayetaka kweli kuzuia matumizi mabaya ya parkingi usiku angeanza na hawa wa mwisho. Haifanyiki hivyo. Inaanzwa na mama mwenye kitenge, kwa sababu mama mwenye kitenge hana gari la kukimbilia wala mkubwa wa kumpigia simu.

Na matokeo yake ni nini? Watu waliotolewa parkingini hawayeyuki. Wanahamia kwenye veranda za maduka, kwenye meza za soko, kwenye nyumba ambazo hazijamalizika kujengwa, mahali ambapo hakuna hata yule sentineli mzee na tochi yake. Msichana wa miaka kumi na nne aliyekuwa amelala katikati ya watu thelathini, sasa amelala nyuma ya ukuta na mdogo wake. Anayesema kwamba hilo ni usalama aeleze ni usalama wa nani. Bomu linaloogopwa halikupungua nafasi hata moja: mabegi yamesambazwa kwenye sehemu kumi badala ya kukaa kwenye moja ambayo ingeweza kukaguliwa.

Malori nayo hayayeyuki. Parkingi ikifungwa kwa mnyororo saa kumi na mbili na nusu bila utaratibu, lori linalotoka Kasindi kwenye mpaka wa Uganda, na kilometa karibu 80 nyuma yake, linafika na kukuta mlango umefungwa. Dereva anafanya nini? Analiacha pembeni ya barabara kubwa, mara nyingi bila taa wala alama ya pembetatu, tawi la mti tu nyuma. Mwenye pikipiki anayerudi na mgonjwa usiku ndiye atakayelikuta. Kisha itasemwa kwamba wenye pikipiki wanakimbiza sana, jambo ambalo nalo ni kweli, lakini si kweli peke yake.

Sasa tufike kwenye kakao, maana hapo ndipo jambo hili linapouma zaidi, na ndipo wanaopiga kelele ya kufunga parkingi wanaponyamaza ghafula.

Teritwari ya Beni ni nchi ya kakao. Watu wamejenga nyumba kwa kakao, wamesomesha watoto kwa kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola elfu 10 kwa tani, bei ambayo haijawahi kuonekana, na mwezi wa kumi na mbili ikapanda zaidi ya dola elfu 12. Hapa kijijini mkulima hakupata hizo zote, lakini hata sehemu aliyopata ilitosha kugeuza gunia moja kuwa kitu cha kuuliwa. Wakati huo huo, mashamba mengi yalikuwa hayana watu. Wenyewe wamekimbia. Wako Oicha, wako Beni, wako Butembo, wanavunja kokoto na kufua nguo za watu. Kakao yao inaiva huko nyuma, na inavunwa na wengine. Malalamiko ya wakulima juu ya kakao inayoibwa kwenye mashamba yaliyoachwa si mapya, na kwamba sehemu ya kakao ya huku inavuka mpaka kwa magendo si siri kwa mtu yeyote.

Gunia la kakao lililoibwa haliendi kwa miguu mpaka ng'ambo. Linahitaji gari. Linahitaji mahali pa kubadilisha gari, kuchanganywa na magunia mengine, kupata karatasi. Mahali penye malori, penye giza, penye mlinzi mwenye njaa, pasipo na daftari, panafaa kabisa kwa kazi hiyo. Hata kama gunia moja tu kati ya mia linapita hivyo, ni gunia la mtu. Na huyo mtu, inawezekana kabisa, amelala palepale kwenye simiti, na mbegu za mti wake zinampita juu ya kichwa. Kisha saa nne ya usiku anaambiwa atoke, kwa sababu yeye hana ruhusa ya kuwa pale.

Kuna anayewahi kusikia operesheni ya usiku iliyoanza kwa kuuliza magunia? Kuuliza mzigo umetoka shamba gani, nani ameuza, nani amepima, karatasi ya ofisi ya taifa ya mazao ya kilimo, ONAPAC, iko wapi? Magunia hayana haraka, hayapigi kelele, na mwenyewe ana simu. Ni rahisi zaidi kumuuliza mtoto wa miaka saba analala hapa kwa nini.

Inafaa sheria nayo isikilizwe, maana wanaofukuza wanapenda kusema "sheria" kwa sauti kubwa. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006, katika kifungu cha 174, inasema hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa na sheria. Makuta yanayotozwa mtu ili alale chini ya gari, bila risiti, hayana kifungu popote. Si kodi ya mji, si ya komini, si ya parkingi. Ni unyang'anyi wa kila usiku, mdogo mdogo, na anayeyapokea na anayemgawia juu yake wote wanajua. Kifungu cha 18 kinasema kwamba mtu aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa, na kwamba hawezi kuwekwa korokoroni zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya hakimu. Kifungu cha 30 kinampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea ndani yake na kuchagua pa kukaa, kwa kufuata sheria. Mkimbizi wa ndani ni Mkongomani ndani ya Congo. Hajavuka mpaka wowote ambao ungemfanya awe mgeni. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya watu waliohama ndani ya nchi zao, za mwaka 1998, zinasema hivyo hivyo, na mkataba wa Afrika uliopitishwa Kampala mwaka 2009 unaweka jukumu la kwanza la kuwalinda juu ya serikali ya nchi yao, si juu ya mashirika ya misaada yenye fulana na magari meupe.

Hakuna kati ya hayo inayompa mtu haki ya kufanya parkingi kuwa nyumba. Hilo lisemwe wazi pia, kwa sababu kuna utetezi wa kizembe unaowaharibia wakimbizi jina. Parkingi si mahali pa kulala. Gari linalorudi nyuma halioni mtoto. Konvwayeri anayelala kati ya magurudumu anacheza na maisha yake, na tajiri anayemwacha alale hapo ili asilipe chumba anacheza na maisha ya mwenzake. Kuwasha moto wa kupikia karibu na lori lenye mafuta ni wazimu, awe aliyeuwasha ni mkimbizi, fundi au polisi mwenye baridi. Na familia inayomaliza mwezi mzima parkingini, baada ya ndugu kupatikana na mahali kuonyeshwa, kwa sababu tu hapo kazi ya kubeba mizigo iko karibu, hiyo nayo inachukua nafasi ya mama atakayeshuka usiku wa leo na watoto wanaolia.

Kwa hiyo kinachotakiwa si kuacha wazi na si kufukuza. Kinachotakiwa ni utaratibu unaojulikana kabla ya giza kuingia.

Saa ya kufunga iandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu anayeshuka kwenye gari anaweza kuzisoma, pamoja na nambari ya simu ya komini. Leo, kwenye parkingi nyingi, hakuna kilichoandikwa isipokuwa matangazo ya simu na ya bia. Mtu hawezi kuvunja saa ambayo haijatangazwa. Mlango wa kuingilia magari ubaki mmoja. Kwenye mlango huo pawe na daftari: nambari ya gari, jina la dereva na la konvwayeri, limetoka wapi, limebeba nini, limefika saa ngapi. Daftari la kurasa mia halina bei ya kulia. Gari lililochelewa kwa sababu ya msafara liingie saa yoyote, liandikwe, lizime injini. Lakini kupakia na kushusha mzigo baada ya saa ya kufunga kukatazwe kabisa, kwa kila mtu, hasa mazao ya shamba, mpaka kupambazuke na macho ya watu yawepo. Katazo hilo moja, likifuatwa, lingesumbua wezi wa kakao kuliko fimbo zote za mwaka mzima. Na kwa sababu lingewasumbua, ndilo litakalopata wapinzani wengi, wenye sababu nzuri nzuri juu ya biashara na maendeleo.

Bido za mafuta zitoke ndani ya uzio, usiku na mchana. Hapo hakuna mjadala.

Kisha kona moja. Si kambi, si hangari la shirika, bali kona moja yenye bati juu, taa ya jua, choo kinachofungwa kwa ndani, na mama wawili wa kartie wanaojulikana, wanaolipwa, wa kupokea waliofika usiku. Mtu anaandikwa jina, kijiji alichotoka, watoto wangapi, anakwenda kwa nani. Mizigo yake inafunguliwa mbele yake, kwa heshima, si kwa kumwagwa matopeni. Analala. Asubuhi shefu wa kartie au wa nyumba kumi anakuja na kuwagawa: wenye ndugu wanapelekwa kwa ndugu, wasio na mtu wanapelekwa kuandikishwa. Saa mbili ya asubuhi kona inabaki tupu, inafagiwa.

Watasema: mkiweka bati, itakuwa kambi. Watu wanarundikana mahali pamoja kwa miezi pale ambapo hakuna anayejua wao ni nani wala wanakwenda wapi. Mtu aliyeandikwa usiku na kusindikizwa asubuhi hajengi kibanda. Watasema tena, na hili ni zito zaidi: adui anaweza kujificha kati ya wakimbizi. Ni kweli, anaweza. Anaweza pia kujificha kati ya wanunuzi wa kakao, kati ya abiria wa saa sita mchana, kati ya waamini kanisani. Adui anapenda nini: mahali ambapo kila anayeingia anaulizwa jina chini ya taa, na mama wa Eringeti anaweza kusema "huyu hatumjui, hakutoka kwetu"? Au mahali ambapo watu wote wametawanywa gizani na kila mmoja anamwogopa askari kuliko anavyomwogopa mgeni? Wakimbizi wa Beni ndio walioona nyuso za wauaji. Kuwafukuza ni kutupa macho bora kuliko yote ambayo mji unayo.

Watasema mwisho kwamba hakuna makuta. Hapo inabidi kuuliza kwa upole: kila gari linaloingia parkingini linalipa. Linalipa leo, linalipa kesho, lilianza kulipa zamani. Madereva wana mafungu ya jeto na risiti kwenye kisanduku cha gari, za rangi zote. Kodi hiyo inaitwa ya parkingi. Taa iko wapi? Choo kiko wapi? Mshahara wa sentineli uko wapi? Kama kodi ya parkingi hairudi parkingini hata kwa bei ya taa moja, basi mtumiaji wa kwanza wa parkingi bila haki anajulikana, na halali pale usiku. Anakuja mchana na kalamu.

Wenye parkingi za binafsi nao wasijifiche nyuma ya komini. Wanaomiliki kiwanja wanapokea pesa ya kila gari linalolala, kisha mtu akikanyagwa wanasema hawakujua kwamba kuna watu ndani. Anayepokea pesa ya ulinzi analinda. Chama cha madereva kina nguvu ya kusimamisha mji mzima siku moja kinapokasirikia kizuizi kipya. Nguvu hiyo hiyo inaweza kuwaambia wanachama wake kwamba hakuna gari litakalopakia gizani, na kwamba kabla ya kuwasha injini alfajiri, konvwayeri apite na tochi chini ya magurudumu yote. Haihitaji amri ya gavana.

Na familia zilizokimbia, zilizoko Beni sasa na zinazosikiliza haya kwa redio ndogo ya jirani, zina kitu cha kudai ambacho hakigharimu kitu. Ukitozwa makuta ili ukae parkingini usiku, omba risiti. Hutapewa. Basi uliza jina la anayetoza, kumbuka siku na saa, na asubuhi mpelekee shefu wa kartie, mkiwa watu watatu au wanne, si mmoja. Ukiona magunia yanapakiwa saa nane ya usiku, usisogee, usipige kelele, lakini kumbuka rangi ya gari na upande lilikoelekea. Mbele ya watu wa shirika la raia, kwa mchana, neno la wamama wanne ni zito kuliko la mtu mmoja mwenye begi la ofisi.

Komini ziko nne Beni: Beu, Bungulu, Mulekera na Ruwenzori. Hakuna haja ya kungoja zote nne zikubaliane. Moja inatosha kuanza, kwenye parkingi moja, kwa miezi mitatu, daftari lisomwe hadharani mwisho wa kila mwezi: magari mangapi yamelala, watu wangapi wamepokelewa, wangapi wamesindikizwa, mizigo mingapi imezuiwa na ya nani. Kufuli inunuliwe, ndiyo, iwe nzito. Lakini ufunguo wa pili ukae kwa shefu wa kartie, na wa tatu kwa wale mama wawili wa kona.